Mwenye Hofu na Mlanguzi

Risasi ina sehemu nne: ganda, baruti, kichwa kinachoruka, na kidude kidogo kama punje ya dengu kinachokaa kwenye kitako cha ganda. Kidude hicho kikigongwa hutoa cheche, baruti inawaka. Wazee walikiita fataki, kabla neno halijahamia kwenye sherehe za mwaka mpya. Kule Marekani kuna watu wengi ambao huokota maganda yao baada ya kulenga shabaha na kuyajaza upya nyumbani, ili wasitegemee duka. Ganda hutumika tena na tena. Fataki ni ya mara moja, na nyumbani haitengenezeki kirahisi.

Mwaka 2020 fataki ziliadimika. Corona, maandamano, uchaguzi, vyote kwa mpigo. Mwaka huo mfumo wa FBI wa kukagua wanunuzi wa bunduki ulipokea maombi karibu milioni 40, rekodi. Remington, mmoja wa watengenezaji wachache, akaomba ulinzi wa mufilisi mwezi Julai. Viwanda vingine vilitanguliza kujaza risasi zao wenyewe. Boksi la fataki 1,000, lililokuwa la dola 30 na kitu, likapita dola 100 kwa watu binafsi. Maduka yakaweka kikomo kwa kila mteja.

Najua utasema: kwani risasi zikikosekana, nani analia? Si ni poa tu? Ngoja kwanza. Uhaba ule haukumaanisha kwamba risasi zimepungua duniani. Nyingi zilihama tu, kutoka rafu za duka hadi makabati ya watu. Na hiyo mantiki unaijua. Aprili 2022 petroli ilipoadimika hapa Kenya, mtu aliyezoea kuweka ya mia tano alijaza tangi, na mwenye tangi lililojaa akarudi na mtungi. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na sababu yenyewe ilikuwa yule aliye mbele yake kwenye foleni.

Sasa chukua mtu anayetumia fataki 1,000 kwa mwaka na ana 10,000 kabatini. Amemkosea nani?

John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, aliona kwamba unaweza kuchukua kilicho cha wote mradi uwaachie wenzako cha kutosha, na usijirundikie hadi kikuozee. Hilo la kuoza linafaa kwa matunda. Fataki ikiwekwa pakavu inakaa miongo, haimtii mtu aibu kwa harufu. Wanazuoni wa Kiislamu nao walibishana kuhusu ihtikari, yaani kuficha bidhaa. Wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, kwa jumla waliiwekea mpaka kwenye chakula. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliona ni chochote ambacho kukizuia kunawaumiza watu. Mimi niko na Abu Yusuf.

Lakini ihtikari inamlenga anayengoja bei ipande, na hapa ndipo ninapoachana na wengi. Sote tunamtukana mlanguzi. Sawa, atukanwe, alinunua za dola 35 akauza kwa bei ambayo maskini haiwezi. Bado, fataki zake mwishowe zinamfikia mtu atakayezitumia, tuseme mwindaji anayetaka nyama ya paa ya msimu wa baridi. Tamaa ina bei, unaweza kubishana nayo. Mwenye hofu haongojei bei yoyote. Hauzi, hatumii, anaongeza tu. Na mbaya zaidi, kila akirudi dukani akute rafu tupu, anaona alikuwa sahihi! Rafu aliyoisafisha yeye na wenzake ndiyo ushahidi wake.

Simlaumu kwa kuweka akiba. Mkulima mwenye ghala si mwizi. Kinachonisumbua ni siku jirani yake anapobisha mlango kuomba fataki 100 tu, za kuwindia msimu huu. Anamjibu kwa upole kabisa kwamba, ndugu yangu, siku hizi hazipatikani. Na hadanganyi. Ameenda madukani asubuhi hiyohiyo, amekosa.