Chombo Kiozacho na Dhima ya Mtupaji

Amma baad. Dasturi ya watu wa pwani tangu zamani ni kula siniani, watu wanne au watano kwa sinia moja. Na karamu ikisha, sinia huoshwa ikawekwa kwa karamu ya pili. Siku hizi katika arusi nyingi killa mwalikwa hupewa sahani yake peke yake, na akiisha kula huitupa. Ubaya wa plastiki ulidhihiri kwa killa mwenye macho, hata Zanzibar ikakataza mifuko yake mwaka 2006, Kenya 2017, na Tanzania Bara 2019. Sasa zimekuja sahani na vikombe vya mimea, navyo husemwa kwamba huoza vikawa udongo. Swali ni hili: je, mtupaji ametoka katika dhima kwa kuwa alichokitupa ni cha kuoza?

Kwanza ijulikane kwamba vyombo hivi si namna moja. Viko vilivyofinyangwa kwa makapi ya miwa iliyokwisha kukamuliwa. Na huko India ziko sahani zishindiliwazo kwa moto kwa ile sehemu pana ya jani la mpopoo iangukayo yenyewe. Hivi, visipopakwa kitu kingine, huoza kama majani. Lakini viko vikombe ving'aavyo kama kioo, asili yake wanga wa mahindi uliochachushwa ukageuzwa plastiki iitwayo PLA. Hivyo huoza kwa sharti: vyataka lundo la mboji lenye unyevu na joto la nyuzi 58 hivi, lenye kuangaliwa na wajuzi. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432 hutaka baada ya majuma 12 lundoni zisisalie zaidi ya sehemu 10 katika 100 zisizopita katika chekeche la milimita 2. Kikombe kilichotupwa ufukoni hakipati joto hilo. Hukaa miaka, na kasa akimezaye hapambanui mahindi na mafuta ya ardhini.

Basi "huoza" ni neno la kweli lililofungamana na sharti. Muuzaji alitajaye neno akaficha sharti ameghushi. Na mnunuzi alijuaye sharti asilitimize amejidanganya nafsi yake. Nia njema ni msingi, lakini nia haitii joto katika mchanga.

Huenda akasema msemaji: karamu ina watu mia tano na maji ni haba. Hoja hiyo ni sahihi, na mwenye dharura ana udhuru. Huyo na achague chombo cha makapi, kisha avikusanye vyote avifukie, asiviachie upepo. Amma mwenye maji kisimani, na sinia ukutani, na vijana wa kuosha, huyo hana dharura ila uvivu.

Wala asidhani kwamba israfu imo katika plastiki tu. Maji hayachafui nchi wala hayamdhuru samaki, na juu ya hayo mwenye kutawadha amechukiziwa kuyamwaga kupita haja. Lau usafi wa kitu ungalimwondolea mtu dhima ya kukipoteza, maji ndiyo yangalikuwa ya kwanza. Kuoza ni sifa ya chombo. Dhima ni ya mtu, nayo haiozi.

Wallahu aalam.