Finjani za Skuta

Wiki ina saa 168, na katika hizo mgonjwa wa figo aendaye kusafishwa damu mara mbili, saa nne kila mara, huikabidhi mashine saa nane tu. Zile 160 zilizosalia yumo nyumbani kwake, na alichokula humo, aliyemzuru, na lililomtia hofu usiku, tabibu halijui ila aambiwe. Basi nauliza, katika jambo hili la siha, mjuzi ni nani?

Jirani yangu hapa Skuta, bikizee aliyepita miaka sabini, hushuka Nyeri mjini kwa matatu alfajiri, Jumatatu na Alhamisi. Mkononi mwake, chini ya ngozi, mshipa utokao moyoni umeungwa na ule urudishao damu, ili mashine ipate mkondo wenye nguvu. Ukiweka kidole hapo utahisi mtetemo kama wa paka anayekoroma, naye hupenda wajukuu wauguse. Kabla ya kuketi hupimwa uzito, kwani figo zikishindwa kutoa maji kila kikombe hukaa mwilini, na mizani haina haya: siku moja ilionyesha kilo nne zaidi ya uzito aliotoka nao mara iliyopita, na muuguzi wa hospitali ile, ambayo sitaitaja, akamkaripia mbele ya wagonjwa wenziwe kwamba hana utiifu. Ajabu iliyoje, katika mji huu ulio kati ya Mlima Kenya na Nyandarua, Mto Chania ukiupita ubavuni, mtu kuhesabiwa mafunda ya maji kama msafiri wa jangwani!

Alhamisi yake zamu ilikuwa ya sista mwingine, naye hakukaripia, alivuta kiti, akauliza, "Cucu, hizi kilo huingilia wapi?" Bikizee akamjibu kuwa tangu augue, akina mama wa jumuiya huja kila jioni kusali naye, "na mgeni, mwanangu, hanywi chai peke yake." Kumbe ule ulioitwa ukaidi ulikuwa adabu.

Mwaka 1962 mjini Seattle, Marekani, mashine zikiwa chache na wenye kuzihitaji wengi, kamati ya raia saba iliketi kuamua nani apewe uhai, wakapima ndoa ya mtu, kazi yake, hata kuhudhuria kwake kanisani. Nikitafakari naona kwamba sista wetu naye aliuliza habari za nyumba na za sala, karibu maswali yaleyale. Walakini wale waliuliza ili wahukumu, huyu ili ahudumu, na nia ndiyo iliyoyatenga kama mbingu na ardhi. Sisemi kwamba neno la mgonjwa lishinde kila kipimo, maana potasiamu haisikilizi udhuru, na nduma, ndizi au viazi vya mukimo visivyolowekwa na kumwagwa maji vyaweza kuusimamisha moyo wa mtu mwenye adabu kuliko wote. Nasema tu kwamba kipimo humjua mgonjwa nusu.

Nchi hii ililijua hilo kabla ya mashine. Sista Irene Stefani wa Shirika la Consolata, aliyewauguza wapagazi wa Vita Kuu huko Voi, Kilwa na Lindi, ambako dawa zilikuwa haba na wafu tele, akafa mwaka 1930 huko Gikondi kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa wake, watu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Na alipotangazwa mwenyeheri hapa Nyeri mwaka 2015, ndilo jina nililolisikia likiitwa kuliko lile la utawa. Dawa peke yake haimpatii mtu jina kama hilo.

Sista yule wa zamu alimshauri bikizee aweke kando vikombe vya bati na kutafuta finjani, zile ndogo wanyweazo kahawa Waswahili wa pwani, ili anywe na kila mgeni wala asizidi kiasi chake. Zikapatikana sita. Wiki iliyofuata mizani ilionyesha kilo mbili na nusu, na bikizee, sindano zikiwa tayari mkononi, akamwuliza sista kama Jumapili atafika Skuta, maana finjani moja haijapata mtu.