Kuni za Nyumba Moja

Upande wa kusini wa Ubelgiji iko nchi ya vilima na misitu mikubwa, jina lake Ardennes. Baridi ya huko si ile ya alfajiri tu, waijuayo watu wa milima ya Kivu, ambayo jua likipanda hutoweka. Ni baridi ya miezi. Majani hudondoka yote, maji ya mitaro huganda yakawa kama jiwe, theluji hufunika mashamba. Siku hizi nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta au kwa gesi. Lakini mashambani wako bado wengi wanaotumainia kuni, na kwao kuni hazikusanywi siku ya haja.

Kuni mbichi, uzito wake waweza kuwa nusu maji. Ukizitia motoni zalia, zatoa moshi, zajaza dohani masizi mazito, ambayo siku moja yaweza kushika moto na kuteketeza paa. Kwa hiyo mwaloni, na mti mwingine mgumu waitao hêtre, hupasuliwa kwa shoka na kabari, hupangwa nje, na kuachwa kama miaka miwili upepo uukaushe. Ndiyo kusema moto wa mwaka huu ni kazi ya mwaka juzi. Mvivu wa Ardennes hauoni uvivu wake leo. Huuona baada ya miaka miwili, na hapo hakuna wa kumwuzia siku zilizopita.

Katika vijiji kadhaa vya huko msitu ni mali ya kijiji chote, na wenyeji wana haki ya kale, iitwayo affouage, ya kupewa fungu la kuni. Fungu hilo halihesabiwi kwa vichwa vya watu, huhesabiwa kwa moto, yaani kwa kila nyumba yenye jiko lake. Na mafungu hupigiwa kura, ili mwenye nguvu asijichagulie miti iliyo karibu na njia na kumwachia mjane ile ya bondeni. Asomaye Agano la Kale atakumbuka sura ya 10 ya kitabu cha Nehemia: makuhani, Walevi na watu wote walipiga kura, wajue ni jamaa gani italeta kuni za altare ya Bwana, na kwa wakati gani. Mungu mwenye misitu yote alikubali kungojea zamu ya jamaa moja moja.

Fungu likiisha kufika uani, nyumba nzima hutoka. Baba apasua, vijana wabeba, watoto wadogo waokota vipande vyembamba vya kuwashia. Kupanga hupewa mwenye akili na subira, maana rundo baya huanguka kabla ya mvua ya kwanza. Chini hulazwa miti miwili, kuni zisiguse udongo. Ncha za rundo hupangwa kwa kupishana, tabaka juu ya tabaka, zisimame kama nguzo. Tabaka la juu hulazwa gome likielekea mbinguni, limwage mvua. Juu hufunikwa, mbavu huachwa wazi, upepo upite.

Katika nyumba moja ya huko, baba na mwanawe wa kwanza walikuwa hawasemezani tangu Pasaka, kwa ajili ya shamba. Ilipofika Septemba, siku ya kuziingiza kuni kavu kibandani, mama aliwasimamisha watu wake mstari mmoja, kila mtu ampe mwenzake mkononi. Akamweka mwana karibu na baba. Alijua alifanyalo. Asubuhi yote walipeana kuni kimya. Lakini kipande kizito hakipokewi na mtu atazamaye kando. Na karibu na adhuhuri kimoja kilianguka kweli, juu ya mguu wa baba.

«Baba, umeumia?»

Lilikuwa neno la kwanza la miezi mitano. Baba akajibu kwamba ameumia, ila si mguu. Mstari wote ukasimama. Ugomvi wa shamba haukwisha siku ile, ni kweli. Maneno ya shamba hayaishi upesi katika nchi yoyote. Lakini jioni walisali pamoja, na Jumamosi kijana akaenda kuungama.

Na kuni za Kongo? Theluji haipo, mzigo upo. Katika milima ya Kivu mama ashuka msituni na kurudi ameinama, mzigo mgongoni, ukamba ukimbana kipaji. Katika miaka ya vita wanawake wengi wamevamiwa na watu wenye silaha katika njia hizo hizo za kuni. Mume yuko wapi? Husema, ni desturi. Basi na alitazame tena jambo la Ibrahimu na Izaka walipopanda mlimani: baba alichukua moto na kisu, mwana alichukua kuni, wakaenda pamoja. Mababa wa Eklezia walimwona katika Izaka Bwana Yezu mwenyewe, akichukua mti wa msalaba. Mwana wa Mungu hakuona aibu ya mti begani. Mwanamume mkristu aonaye aibu kukutwa njiani na mzigo wa kuni, amwonea aibu nani? Mtume Paulo, akimwandikia Timoteo, amweka asiyewatunza watu wa nyumba yake chini kuliko mpagani. Wala hakusema kwamba kutunza ni kutoa fedha tu.

Katika nyumba ile ya Ardennes alikuwako pia babu, ambaye mikono yake haikuweza tena shoka. Majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata yeye ndiye aliyepanga ncha za rundo jipya, akijua wazi kwamba hataota moto wake. Alikufa kabla ya Noeli. Tarehe 2 Novemba ya mwaka uliofuata, siku ya Marehemu Wote, jamaa walirudi kutoka makaburini miguu imelowa. Mama akalifungua rundo lile. Kuni zilikuwa kavu, gome juu, kama mzee alivyoziacha. Kijana akachukua ya kwanza, akaitia motoni, na baba akaanza Rozari.