Akili Iliyopatwa na Pigo

 

Vijana wengi wa pwani riziki yao i katika njia ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Hupandisha malori Kitonga, wakapita Iringa na Mafinga, wakateremka Iwambi kule Mbeya, na wenye pikipiki wakipenya katikati yao. Machi 2015, hapo Changarawe karibu na Mafinga, basi na lori yalikutana, wakafa watu zaidi ya 40. Wafu huhesabiwa. Asiyehesabiwa ni yule aliyetoka hospitali kwa miguu yake, akarejea nyumbani, kisha mkewe akasema, "Huyu siye aliyeondoka hapa."

Basi mtu huyu akiacha sala, akimtukana mamaye, akitamka talaka kwa sababu ya chai iliyopoa, je, ni yeye aliyetenda?

Jua kwanza lililompata. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kadiri ya ratili tatu, nao ni laini, umo ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikigongwa, ubongo hurushwa ukapiga fuvu mbele na nyuma, na nyuzi nyembamba zilizounganisha sehemu zake huvutika, nyingine zikakatika. Kisha huvimba, au damu hukusanyika ikaukandamiza. Yote haya huweza kuwa na ngozi haikuchanika. Baada ya miezi ubongo wenyewe pengine husinyaa. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso huumia mara nyingi, nayo ndiyo hatamu ya ulimi na hasira. Ndiyo maana utamwona asoma Fatiha bila ya kukosa herufi, na hesabu ya duka aijua, lakini hatamu imekatika. Watu husema ana jini, wakampeleka kwa mganga, na fedha ya dawa ikaishia kwa mbuzi na ubani.

Mwaka 1848, huko Marekani, mtaimbo ulimpenya kichwani msimamizi wa wajenzi wa reli, jina lake Phineas Gage. Hakufa, lakini tabibu wake, Harlow, aliandika kwamba rafiki zake hawakumwona kuwa ni yule yule. Hata hivyo aliendesha magari ya farasi huko Chile kwa miaka kadhaa. Kazi yenye utaratibu ilimfaa kuliko lawama.

Ama katika sharia, Mtume wetu ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, na mtoto mpaka abaleghe, na mwenda wazimu mpaka apate akili. Na katika madhhabi ya Imamu Shafii, aliyezimia wakati wote wa sala bila ya kosa lake halazimiki kuilipa, ingawa saumu huilipa. Hayo ni mepesi. Uzito uko kwa asiye mwenda wazimu wala si mzima.

Nami naona wanavyuoni hawakumsahau. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alihukumu dia nne kwa mtu aliyepigwa kichwani kwa jiwe, akapotewa na masikio, ulimi, akili na nguvu za kiume, naye yu hai. Na mafakihi wetu wameandika kuwa akili ikiondoka yote kwa pigo ina dia kamili, na ikipungua hulipwa kwa upungufu wake. Basi ikiwa akili hupungua katika hesabu ya fidia, kwa nini sisi barazani hatujui ila maneno mawili, mzima na mwenda wazimu?

Kwa hiyo shekhe aulizwaye juu ya talaka ya mtu huyu asijibu kwa haraka. Talaka ya asiye na akili haipiti; ya mwenye hasira tu hupita. Ni lipi kati ya hayo? Aulizwe tabibu, aulizwe mke, itazamwe saa ile alikuwaje, kwani mwenye kupatwa na kuachwa hushikwa kwa alitendalo akiwa na fahamu.

Wala tusichanganye dhambi na dhamana. Akivunja chombo cha jirani, hulipwa katika mali yake hata kama hana dhambi. Na udhuru wake kwa Mola wake si ruhusa ya mke kupigwa. Akihofiwa, mke ahamie kwa wazee wake, na nduguze mume ndio wamwangalie.

Huko Kalenga, karibu na Iringa, liko fuvu la Mkwawa lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliutaja mfupa ule, na watu walingoja miaka 35 baada yake. Nasi tuna ndugu ambao mafuvu yao yamo vichwani mwao, na mtu huwajia na karatasi ya kuuza shamba, akawashika kidole gumba wakatia alama. Mwenye kununua hivyo, naye ajua hali ya muuzaji, hakununua kitu. Arudishe shamba, na msimamizi wa mali yule awekwe mbele ya mashahidi kabla ya mnunuzi mwingine kufika.