Juu ya Kutofurahia Wimbo Uliosifiwa

Miongoni mwa mambo ambayo watu waliosoma huyaficha, moja ni hili: kwamba wamesikiliza muziki uliosifiwa na wajuzi, wakaurudia mara ya pili na ya tatu, wasipate ndani yake furaha yo yote. Mtu huungama upesi kuwa hajui hesabu, au kuwa hawezi kuogelea, wala haoni haya. Lakini kukiri mbele ya wenzake kuwa santuri fulani, iliyoandikiwa vitabu na kutajwa kwa heshima kila mahali, kwake ilikuwa mkwaruzo mtupu, ni jambo zito. Afadhali atikise kichwa kwa kuafiki, aseme maneno mawili matatu aliyoyasoma mahali, kisha anyamaze. Swali ni kama mtu huyo ana kosa, na kama analo, kosa lenyewe ni lipi.

Na achukuliwe kwa mfano kijana wa Madaba. Madaba ni mji mdogo wa nyanda za juu katika mkoa wa Ruvuma, kando ya barabara itokayo Makambako kupitia Njombe kwenda Songea. Wakazi wake wengi ni wakulima. Kijana aliyekulia huko masikio yake yamelelewa na lizombe, ngoma ya Wangoni. Na mganda, ambao mwendo wake watokana na gwaride la askari wa zama za Vita Kuu ya Kwanza. Na kwaya za kanisani. Na muziki wa dansi utokao katika redio na katika magari yapitayo njiani. Kijana huyo aingia chuo kikuu. Aambiwa kuwa asili ya muziki wa Kiswahili uliohifadhiwa kwa sauti ni Siti binti Saad, na kwamba asiyemjua Siti hajui kitu. Atafuta nyimbo zake, ambazo siku hizi zapatikana hata katika simu, aweka sikio, asikiliza. Hapati kitu.

Haifai kumcheka kabla ya kutazama ni nini hasa alichopewa. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika jamaa ya watu wa chini, akauza vyungu kabla hajauza sauti. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice. Sahani za siku hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulichukua muda wa dakika tatu hivi. Baraza ya usiku, pamoja na vicheko vyake, vituo vyake, na watu waliotunza na kuomba beti zirudiwe, ilibidi ikunjwe kama mkeka na kuingizwa katika dakika tatu. Ndicho kilichomfikia kijana wa Madaba: mkeka uliokunjwa, tena umefunikwa na vumbi la sindano.

Zaidi ya hayo, nyimbo nyingi za Siti zilikuwa habari za mji. Wimbo wa Kijiti, mathalani, wahusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja, na mtuhumiwa aliyekimbilia bara, na jinsi adhabu ilivyowaangukia wengine. Msikilizaji wa Ng'ambo alipousikia alijua majina, alijua njia, alijua hasira ya watu juu ya mahakama. Kila neno lilikuwa na mtu nyuma yake. Kijana wa Madaba asikia neno peke yake. Husemwa kuwa chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini mithali hii ni ya soko ambalo muuzaji na mnunuzi wasema lugha moja na waona bidhaa moja mchana. Chema kilichotoka mbali, katika zama nyingine, hakijiuzi hata kidogo. Chahitaji dalali.

Watu wengine wataka kumaliza shauri hili upesi kwa kusema kuwa ladha ni ladha. Mtu wa pwani akipewa ulanzi, ile pombe ya mianzi ambayo watu wa nyanda za juu za kusini huigema wakati wa mvua, aweza kukunja uso; mtu wa Madaba akipewa pweza aweza kufanya vivyo hivyo; wala hapana aliyekosea. Basi na muziki uwe hivyo. Jibu hili lina upole mwingi na ukweli mchache. David Hume, mwanafalsafa wa Uskochi, katika insha yake ya mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha, alikikumbuka kisa kimoja cha riwaya ya Don Quixote. Jamaa wawili waliombwa waonje divai ya pipa moja. Wa kwanza akasema ni njema, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni njema, ila ina ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipokwisha, chini yake pakaonekana ufunguo uliofungwa kwa kikamba cha ngozi. Ikiwa kisa hiki chafundisha jambo, chafundisha kuwa wako watu wahisio kilichomo kweli, ambacho wengine hawakihisi, na kwamba kicheko cha wengi si ushahidi. Mgemaji mzee wa ulanzi hahitaji kumsoma Hume ili alijue jambo hili. Yeye huonja akajua kama ni wa jana au wa leo.

Hata hivyo kisa hicho kimekomea mahali ambapo shida yenyewe yaanza. Ufunguo ulipoonekana, waliocheka walijua kuwa wamekosea. Je, walipoonja tena walihisi ladha ya chuma? Kisa hakisemi. Vivyo hivyo ufunguo wa Siti waweza kutolewa pipani na kuonyeshwa. Mwalimu aweza kumweleza kijana kesi ya Kijiti. Aweza kumfafanulia fumbo. Aweza kumwonyesha jinsi sauti ilivyolelewa na kisomo cha Kurani, na jinsi udi na fidla zilivyofuatana. Baada ya hayo kijana ajua kuwa wimbo ni mkubwa, na tena aelewa kwa nini ni mkubwa. Furaha yaweza kuja siku hiyo, yaweza kuja baada ya miaka kumi, yaweza isije kabisa. Kujua ukubwa wa kitu kwaweza kuazimwa kwa mwenye kujua, na kuelewa sababu zake kwaweza kufundishwa. Kufurahi hakuazimwi wala hakufundishwi, na hapo ndipo mtu asipoweza kuamriwa.

Kant aliliona jambo hili barabara mwaka 1790. Kwa maoni yake, mtu akisomewa shairi lisilompendeza, hata akiletewa majina ya wahakiki wakubwa na kanuni zao zote, ataziba masikio. Kwa maana hukumu ya uzuri haipokelewi kwa ushahidi wa wengine kama ipokelewavyo habari ya mvua iliyonyesha mahali. Lakini Kant huyo huyo alisema kuwa mwenye kuita kitu kizuri hasemi kwamba champendeza yeye tu; huwadai watu wote wakubali pamoja naye. Deni hilo lamfuata kijana wa Madaba. Adaiwa asichoweza kulipa, na mdai hana haki ya kutumia nguvu. Si ajabu kwamba katika hali kama hiyo wengi hulipa kwa fedha ya bandia.

Hapa yafaa kuuliza jambo ambalo aghalabu haliulizwi: kwa nini haya hii ni ya upande mmoja? Kijana wa Madaba asiyefurahia taarabu ya zamani huona ana upungufu. Lakini mwanachuoni wa Dar es Salaam au wa Unguja asikiaye lizombe akaona ni kelele na vumbi, haoni upungufu wo wote. Hatafuti mwalimu wa kumweleza. Hasikilizi mara ya pili na ya tatu kwa wasiwasi kwamba pengine sikio lake ni zito. Asema tu kuwa ngoma hiyo ni ya wenyewe, akaenda zake. Tofauti hii haitokani na muziki. Meli ya mwaka 1928 ilichukua waimbaji wa Unguja. Haikumchukua mpiga ngoma wa Ungoni, na hata kama ingemchukua, lizombe isingeingia katika sahani, kwa kuwa sehemu yake kubwa imo katika miguu na katika uwanja. Kilichoingia katika sahani kiliweza kusikilizwa na wasiokuwapo, kilichosikilizwa kiliandikiwa, kilichoandikiwa kikasifiwa, na kilichosifiwa kikawa na uwezo wa kuwatia watu haya. Basi haya ya msikilizaji haipimi ukubwa wa wimbo. Yapima wingi wa karatasi zilizoandikwa juu yake.

Neno hili halimpunguzii Siti kitu, maana yeye mwenyewe alianza upande wa pili. Taarabu iliyopewa heshima katika jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu na kuangalia Misri. Mwanamke mwenye asili ya utumwa, aimbaye kwa Kiswahili, alikuwa kitu cha kudharauliwa na watu wa vyeo, na dhihaka hazikukosekana. Watu hao nao walisikiliza wasifurahi. Nao hawakuona haya, kwa sababu wakati huo hapakuwa na kitabu cha kuwaaibisha. Kitabu kilikuja baadaye, Shaaban Robert alipouandika wasifu wake.

Mkoani Ruvuma kwenyewe mambo haya yana historia ndefu kuliko santuri. Watawa wa Mtakatifu Benedikto walifika Peramiho, karibu na Songea, mwaka 1898, wakaja na uimbaji wa Kigregori, ambao katika kanisa lao ni muziki wenye sifa ya juu kuliko wote. Ni muziki mzuri; kulisema hilo si kujipendekeza kwa mtu. Lakini muumini ambaye moyo wake haukuinuka aliposikia Kilatini kile alikuwa katika shida kubwa kuliko ya mwanafunzi wa chuo, kwa kuwa upungufu wa sikio uliweza kudhaniwa kuwa upungufu wa imani. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alitoa kitabu juu ya sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu, na Desemba ya mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia. Hati hiyo yaupa uimbaji wa Kigregori nafasi ya kwanza, na papo hapo yaagiza kwamba muziki wa jadi wa mataifa ya misioni upewe heshima iustahiliyo. Wengine wameona kigeugeu katika kuweka maneno haya mawili pamoja. Si kigeugeu. Yawezekana kabisa kusema kitu ni bora bila ya kumlazimisha kila mtu aone raha kwacho.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Desemba 1962, Nyerere alikuwa amelalamika bungeni kuwa vijana walifundishwa rumba na waltz, ilhali wengi hawakupata hata kusikia habari za gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo na lele mama. Malalamiko yalikuwa ya haki. Yafaa kuongeza tu kwamba mtu aweza kuunafiki mganda kama alivyounafiki waltz, na kwamba kijana wa mjini apigaye makofi mbele ya ngoma ya taifa hali moyo wake umelala, hajaponya ugonjwa uliolalamikiwa, amebadili santuri.

Kuna na kosa la upande wa pili, nalo lampata mtu jasiri kuliko mnafiki. Tolstoy, katika kitabu chake juu ya sanaa, asimulia jinsi wanawake wa kijijini walivyomwimbia binti yake aliyeolewa, wakigonga miundu yao, na moyo wake ukafurahi; na jioni ya siku hiyo mpiga piano akapiga sonata ya Beethoven, namba 101, naye hakupata kitu. Mpaka hapo asema kweli, na yastahili kusifiwa, maana wageni wake waliokuwapo waliisifu sonata ile. Lakini akaenda mbele, akahukumu kuwa wimbo wa wanawake ulikuwa sanaa ya kweli na sonata ilikuwa jaribio lililoshindwa. Kutoka katika neno "haukunigusa" aliruka mpaka neno "hauna kitu", na kati ya maneno hayo mawili pana bonde ambalo hakulijengea daraja. Alikuwa na haki ya neno la kwanza peke yake. Tena habari zake zaonyesha kuwa muziki wa watunzi wale wale ulimtoa machozi mara nyingi, jambo ambalo fundisho lake halikujua liliweke wapi.

Basi anachodaiwa msikilizaji ni kidogo na kigumu. Adaiwa masikio yake kwa muda wa kutosha, na kutojifanya. Muda wa kutosha hauna kipimo cha saa; lakini aliyesikiliza dakika moja akiwa katika basi hajautoa, na aliyejitesa mwaka mzima na santuri moja ameutoa na zaidi. Adaiwa pia amruhusu anayejua amwonyeshe ufunguo wa pipa. Wajuzi nao wana deni lao, ambalo hulipwa kwa nadra: wasipande bei ya wimbo mpaka maskini wa furaha aone aibu kuwapo sokoni, na siku moja moja wajitie wao wenyewe katika haya ile ile kwa kusimama ukingoni mwa uwanja wa lizombe mpaka mwisho, bila ya kuangalia saa.

Kijana wa Madaba, akiulizwa darasani, aweza kujibu hivi: kwamba wimbo wa Kijiti umejengwa juu ya kesi fulani, kwamba mahali fulani sauti yafanya jambo ambalo sauti za wakati ule hazikulizoea, kwamba watu wa Ng'ambo walilia kwa sababu zinazojulikana, na kwamba yeye hakulia. Sehemu ya mwisho ya jibu hilo ndiyo ambayo walimu wengi hawajui waipe alama ngapi.