Tushikane vipi na watu wanaoondoka?

Kijana mmoja wa kikundi chetu aliniambia hataki tena rafiki mpya. Watatu wa kwanza walishapanda basi: wawili wakapelekwa nchi ya tatu, mmoja akarudi nyumbani. "Kaka, kwa nini nijifunge na mtu anayeondoka?" Swali hili tunalijibu haraka mno kwa maneno matamu. Mimi nataka kulipitisha kwenye kitu tunachokijua kwa uchungu: kipindupindu, kile kilichowapiga wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 2015.

Bakteria wa kipindupindu akifika kwenye utumbo anatoa sumu. Sumu hiyo ina sehemu tano za kushikia, tuziite mikono. Kila mkono unatafuta kipokezi chake, yaani molekuli ndogo ya mafuta yenye sukari iliyo kwenye utando wa seli. Sasa, vipokezi hivyo havitulii pahali pamoja. Utando wa seli si ukuta wa matofali. Ni kama mafuta juu ya mchuzi: vitu vinaelea, vinapishana. Mwaka 1970 watafiti Frye na Edidin waliunganisha seli ya mtu na seli ya panya. Mwanzoni protini za kila mmoja zilikaa upande wake. Baada ya dakika 40 hivi zilikuwa zimechanganyika.

Sumu inashikaje kitu kinachotembea? Mkono mmoja unatangulia. Kipokezi kingine kikipita karibu, mkono wa pili unakidaka, halafu wa tatu. Mmoja ukiachia, mingine bado imeshika, na ulioachia unapata nafasi ya kushika tena. Kule kutembea tunakokuona ni tatizo ndiko kunakoleta kipokezi cha pili.

Kinga yetu nayo inatumia hesabu hiyo. IgM, kingamwili ambayo mwili hutanguliza ukikutana na ugonjwa mpya, kwa kawaida ina mikono 10. Mara nyingi kila mmoja peke yake ni dhaifu. Ikishika pamoja, kuibandua ni kazi.

Kwa hiyo tusidanganyike: nguvu ya kushika peke yake si wema. Tapeli anayeuza nafasi za kwenda ng'ambo naye anakushika kwa mikono mingi: deni, undugu, tumaini. Sumu ikishashika, inaingiza sehemu yake ndani ya seli, na maji ya mwili yanaanza kumwagika. Basi tuulize: huyu aliyenishika, ananiingizia nini?

Mtu atasema molekuli haina moyo, ikiachia hailii. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana kwetu sisi hesabu hii inageuka kuwa wajibu. Mtoto mwenye mtu mmoja tu wa kumshika, siku huyo akiondoka, anaanguka mzima mzima. Mwenye mwalimu, jirani, mama wa kwaya na wenzake watatu, mmoja akipanda basi atalia, lakini atabaki amesimama.

Wenzetu wa mashirika, ninyi wenye mkataba wa miezi sita, hatuwadai mbaki. Tunawadai msikubali kuwa mkono pekee. Kabla ya kuaga, mkutanisheni yule mtoto na watu wengine wawili. Na sisi wakaaji, kwa kuwa tunajua basi litakuja, tusiwafundishe wadogo zetu kukunja mikono.