Aliyelipia Elimu, Ana Haki ya Kuificha?

Ndugu msomaji, tajiri akitoa fedha zake ili wataalamu wachunguze namna anavyosemezana na wafanyakazi wake, je, yatakayopatikana ni mali yake kama gunia la mchele ghalani, au mna haki ya watu ndani yake?

Karibu na mji wa Chicago, Marekani, palikuwa na kiwanda kikubwa cha vyombo vya simu kikiitwa Hawthorne, mali ya kampuni ya Western Electric. Kuanzia 1924 hadi 1927 ulifanywa uchunguzi pale kujua kama mwangaza wa taa huongeza kazi. Wenye biashara ya umeme walikuwa na hamu nao, na si ajabu: muuza taa hupenda kusikia kwamba taa nyingi ndiyo kazi nyingi. Matokeo hayakuwapa walilolitaka, na ripoti kamili haikuchapishwa.

Ukafuata uchunguzi wa mazungumzo. Baina ya 1928 na 1930 walihojiwa wafanyakazi zaidi ya 20,000. Mwanzo waliulizwa maswali yaliyopangwa, lakini wao wakayaacha wakaeleza yaliyowakera. Basi wahoji wakaamrishwa wanyamaze wasikilize, na mahojiano ya nusu saa yakawa ya saa moja na zaidi. Elton Mayo wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye kazi yake ilisaidiwa kwa fedha za Rockefeller, alishiriki. Habari hizi zilitolewa kitabuni mwaka 1939, na hata leo anayetaka huzisoma.

Ama ile habari ya taa, kwa kuwa hesabu zake hazikuwekwa wazi, iligeuka kisa: eti taa zikizidishwa kazi huzidi, na zikipunguzwa pia huzidi, kwa sababu tu watu wanajua wanatazamwa. Walimu wakawapokeza wanafunzi, nao wakawa walimu, pasina isnadi. Hata mwaka 2011 wanauchumi wawili, Steven Levitt na John List, wakatangaza kwamba wamezipitia hesabu za asili zilizodhaniwa zimepotea. Yale mabadiliko makubwa yaliyosimuliwa miaka yote hiyo hawakuyaona. Sisi tuliofunzwa kumuuliza mpokezi, "Umeyapata kwa nani?", tunalijua janga la namna hii.

Mwenye mali atasema: na siri zangu je? Kweli, anazo. Na mfanyakazi aliyefunua moyo wake ana haki kubwa kuliko yeye. Jina lake ni amana, na kulitoa ni khiana. Lakini kwamba fulani kamlalamikia msimamizi wake, hiyo ni siri. Kwamba amri isiyoelezwa huzaa ugomvi kazini, hiyo ni elimu. Mtume s.a.w. amemwonya vikali aliyeulizwa elimu akaificha. Wako wanavyuoni walioyahusisha maonyo hayo na elimu ya dini iliyo lazima, nami sitaki kuwaruka. Hata hivyo, anayejua kwamba desturi ya kazi yake inadhuru watu, akanyamaza kwa kuwa ukweli utamtia hasara, huyo kaingia katika mlango wa ghushi.

Ndiyo maana natamani tuweke wakfu wa jambo hili, kama tuwekavyo wakfu wa visima. Mabinti zetu wanaokwenda Arabuni kutumika majumbani, wengine hawajui hata lugha ya kuombea mapumziko. Nani atalipia kuchunguza hilo? Si wakala anayewasafirisha. Mwenye kuweka wakfu akishafariki hana duka la kuliogopea. Na aandike sharti kwamba yatakayoonekana yatangazwe, yapendeze yasipendeze.

Nami sijasalimika. Katika kamati ya madrasa moja tuliwauliza wazazi kwa nini watoto wanaondoka. Majibu yaliandikwa daftarini, na mengi yalihusu namna sisi walimu tunavyosema na watoto na hata na wazazi wenyewe. Daftari likatiwa kabatini, lisisomwe kwa mtu. Ufunguo nilikuwa nao mimi.